Funga Laini Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kulinda Taarifa Zako Binafsi kwa Mkazi wa Tanga

Wengi wanaojaribu kujikinga na wizi wa taarifa hufanya kazi kubwa mahali ambapo mwizi hapiti. Hubadili nywila ya Facebook, hufuta picha za zamani, wengine hubandika plasta kwenye kamera ya kompyuta. Wakati huohuo fotokopi ya kitambulisho chao imebaki steshenari, laini haina kufuli, na namba ya siri ya kutolea pesa ni mwaka waliozaliwa.

Wanachokosea ni mpangilio. Siku hizi benki, pesa za simu, WhatsApp, barua pepe na maombi ya ajira vyote vinaning'inia kwenye laini ya simu, na laini inaning'inia kwenye namba ya NIDA na alama ya kidole. Aliyeshika laini yako hahitaji nywila yako, maana ataomba mpya na itatumwa kwake. Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa namba zake. Ukianzia katikati utalazimika kurudia.

Vitu vya kuandaa

- Kitambulisho cha NIDA, au namba yake yenye tarakimu 20.
- Simu yako yenye chaji, na laini zote ulizo nazo, pamoja na zile zilizolala kwenye droo.
- Vile vikadi vya plastiki ulivyobandulia laini. Nyuma yake kuna PIN (namba ya kufunga laini) na PUK (namba ya kuifungulia ukikosea PIN).
- Simu ya pili ya mtu wa nyumbani, ya kufanyia majaribio.
- Daftari na kalamu ya wino wa bluu. Usiandike mambo haya kwenye simu yenyewe, maana ikiibwa imekwenda na kila kitu.
- Vipande kumi vidogo vya karatasi na kikombe. Matumizi yake yako Hatua ya 3.
- Saa mbili hadi tatu za utulivu, na asubuhi moja ya siku ya kazi endapo Hatua ya 1 itakupeleka dukani kwa mtoa huduma.

Kabla ya kuanza: pima hatari kwa karatasi

Fungua daftari, andika upande wa kushoto vitu vyako: laini, namba ya siri ya pesa, nakala za NIDA, WhatsApp, barua pepe, kadi ya benki. Mbele ya kila kimoja jibu maswali matatu. Nani anaweza kukifikia bila kuvunja mlango? Akikipata, kitamfungulia kitu gani kingine? Kikichukuliwa, nitakirudisha kwa muda gani?

Swali la tatu ndilo watu hulisahau, na ndilo zito kuliko yote. Namba ya siri unaibadilisha kwa dakika moja. Laini unairudisha kwa siku moja. Tarehe ya kuzaliwa na alama ya kidole havibadiliki maisha yako yote. Kitu kisichorudi kilindwe zaidi ya kinachorudi, hata kama hakitishi.

Fanya zoezi hili kwa maandishi, kwa sababu kichwa peke yake hupima vibaya. Tunaogopa tulichosikia juzi, kama habari ya mdukuzi wa nje ya nchi, na hatuogopi tulichokizoea. Kijana wa steshenari ni mtoto wa jirani hapo Makorora, kwa hiyo kumwachia kitambulisho hakuonekani kuwa ni hatari. Huenda yeye ni mwaminifu kabisa. Tatizo ni kompyuta yake, ambayo kila mteja wa siku hiyo anaikalia. Kingine ni ucheleweshaji: nakala ikitoka leo madhara yanaweza kuja mwakani, na wakati huo hakuna anayekumbuka ilitokea wapi.

Ukimaliza zoezi, utakuta laini na nakala za NIDA ziko juu kabisa. Ikiwa Facebook ndiyo iko juu, rudia swali la pili.

Hatua ya 1: Jua laini zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako

Piga *106# na ufuate menyu. Chagua kipengele cha kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Maneno ya menyu hutofautiana kidogo kati ya mtandao na mtandao. Kama una laini za mitandao miwili au mitatu, fanya hivyo kwenye kila moja.

Andika kila namba itakayotokea, kisha gawa orodha mafungu matatu: ninazotumia, zangu lakini zimelala, na nisizozijua.

Fungu la tatu ndilo la haraka. Laini usiyoijua yenye jina lako inaweza kuwa inatumika kutapeli watu, na polisi wakifuatilia wanamkuta mwenye jina. Nenda duka la mtandao husika mwenyewe, ukiwa na kitambulisho, ueleze kwamba namba hiyo siyo yako na unataka iondolewe kwenye usajili wako. Utathibitishwa kwa alama ya kidole. Usiende kwa wakala wa mwavuli kwa jambo hili: yeye amewekwa kusajili, na huenda laini hiyo ilizaliwa kwenye mwavuli kama huo.

Fungu la pili linahitaji uamuzi. Laini ikilala muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba yake hugawiwa mtu mwingine. Kama benki yako au barua pepe bado inaitambua namba hiyo, ujumbe wa uthibitisho utakuwa unamfikia huyo mtu mpya. Kwa hiyo kabla ya kuiacha laini, hamisha kwanza kila kilichofungamana nayo: benki, Gmail, WhatsApp, mfumo wa ajira, mkopo wa elimu ya juu. Ndipo uifute.

Kuna na hali iliyoenea sana mitaani ambayo orodha hiyo haitakuonyesha: laini unayoitumia wewe lakini imesajiliwa kwa jina la kaka, mume, au mwajiri wa zamani. Siku simu ikiibwa, anayeweza kuirudisha laini ni mwenye kidole. Akiwa Mwanza, au mmegombana, pesa zako zimekaa. Mchukue mwende wote wawili dukani mkahamishe umiliki sasa, mkiwa na amani.

*Umefaulu ukiona:* kila namba kwenye orodha unaweza kusema iko kwenye simu gani, na laini unayotumia kwa pesa ina jina lako mwenyewe.

Hatua ya 2: Weka kufuli kwenye laini yenyewe

Watu wengi wana kufuli la simu na wanadhani limetosha. Mwizi wa pale stendi ya Kange hahangaiki kufungua simu. Anachomoa laini, anaichomeka kwenye kitochi, anasubiri ujumbe uingie. Kufuli la skrini halina kazi tena hapo. Kinachomzuia ni PIN ya laini.

1. Tafuta PIN ya kiwandani nyuma ya kile kikadi cha plastiki. Kama kimepotea, piga 100 uombe PIN na PUK za laini yako. Utaulizwa maswali ya kukuhakiki.
2. Fungua Mipangilio, kisha Usalama, kisha kipengele cha kufunga SIM. Kwenye baadhi ya simu kimefichwa chini ya "mipangilio zaidi". Ukishindwa kukiona, andika "SIM" kwenye kisanduku cha kutafuta juu ya Mipangilio. Kwenye vitochi huwa kiko sehemu ya usalama wa simu.
3. Washa kufuli, weka PIN ya kiwandani, kisha ibadilishe uweke yako.
4. Kama simu ni ya laini mbili, rudia kwa laini ya pili.

Tahadhari, na hapa ndipo wengi huharibu: usibahatishe PIN ya kiwandani. Ukikosea mara tatu laini hudai PUK. Ukikosea PUK mara kumi laini hufa moja kwa moja, na utalazimika kwenda kurenew. Ukikosea mara mbili, acha. Piga 100 kwa simu nyingine.

*Umefaulu ukiona:* umezima simu, umeiwasha, na inadai PIN kabla ya kushika mtandao. Kisha chomoa laini uichomeke kwenye simu ya pili. Nayo ikidai PIN, kufuli limeshika.

Ukiwa hapohapo, piga *#21#. Itakuonyesha kama simu zako zinaelekezwa kwenda namba nyingine. Kuna matapeli wanaojifanya wafanyakazi wa mtandao na kukuelekeza "piga nyota ishirini na moja, nyota, namba hii, alama ya reli". Ukifanya hivyo, simu zote zinazokuja kwako zinaenda kwao, zikiwemo zile za kusomewa namba za uthibitisho. Ukikuta namba usiyoijua, piga ##002# kufuta maelekezo yote.

Hatua ya 3: Badili namba ya siri ya pesa

Tarakimu nane za mwanzo za namba yako ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Yeyote mwenye nakala yako anazo. Kama namba yako ya siri ni mwaka wa kuzaliwa, au siku na mwezi, umeiandika mwenyewe juu ya kitambulisho.

Ukimwambia mtu achague namba nne "za kubahatisha", ataishia kwenye mwaka wa mtoto, tarakimu za mwisho za simu, au 1234. Ndiyo sababu ya vile vipande vya karatasi. Andika 0 hadi 9, kila kipande tarakimu moja, kunja, changanya kwenye kikombe. Okota kimoja, andika, kirudishe, changanya, okota tena, mpaka zitimie nne. Usiporudisha hutapata tarakimu inayojirudia, na unampunguzia kazi anayekisia. Zikitoka zinazofanana na mwaka, okota upya. Fanya hivyo mara moja kwa kila akaunti ya pesa. PIN ya laini, ya pesa na ya kufungua simu zisifanane.

Kisha ingia kwenye menyu ya akaunti yako: *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*88# kwa HaloPesa. Tafuta sehemu ya akaunti yangu, halafu kubadili namba ya siri. Jioni hiyo angalia salio mara nne au tano ili vidole vizoee. Asubuhi ukiikumbuka bila kutazama, choma karatasi.

Kwa wakala, bonyeza mwenyewe kila unapotoa pesa. Wakala anahitaji kitambulisho na namba yako ya simu, hana haja na namba ya siri hata siku moja. Kwenye kibanda chenye foleni, geuka upande, weka kiganja juu ya vidole.

Ujumbe ule wa "hiyo hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja fulani" unastahili kuelezwa vizuri, maana bado unawala watu kila siku. Unatumwa kwa maelfu ya namba kwa mkupuo. Mtumaji hakujui. Anategemea kwamba kati ya wote hao, wapo waliokuwa njiani kulipa kodi ya nyumba, ada au mchango wa harusi, na kwa hao ujumbe unaonekana umekuja wakati wake. Jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri linathibitisha kitu kimoja tu, kwamba laini ina jina hilo. Halithibitishi kwamba huyo ndiye unayemdai au anayekudai. Mpigie unayetaka kumlipa kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usikie sauti yake, ndipo utume.

Ukiambiwa "nimekosea kutuma, nirudishie", usisome ujumbe, angalia salio kwa menyu. Kama pesa haikuingia, hakuna cha kurudisha. Kama imeingia, mwambie apige 100 airudishe kwa utaratibu wa mtandao wake. Ukiituma kwa mkono wako, naye akaomba irudishwe kwa utaratibu, unaweza kudaiwa mara mbili.

Na anayejitambulisha kuwa huduma kwa wateja akitumia namba ya kawaida, kata. Mitandao hupiga kwa 100.

Hatua ya 4: WhatsApp

Mwizi wa WhatsApp anatafuta vikundi vyako: kikoba, harusi, wazazi wa shule. Akiingia anaomba michango kwa jina lako, kwa lahaja yako, huku picha yako ikionekana. Watu wanatuma kwa sababu wanakuamini wewe.

Fungua Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. Weka PIN ya tarakimu sita, tofauti na zote ulizookota. Ikikutaka barua pepe, weka, usiruke. Bila barua pepe, ukisahau PIN utasubiri siku 7.

Kisha fungua Vifaa vilivyounganishwa. Hapa watu hushtuka. Ile kompyuta uliyoitumia kuprinti barua wiki iliyopita inaweza kuwa bado imeunganishwa, na anayeikalia anasoma mazungumzo yako yote. Gusa kila kifaa usichokitambua na ukitoe. Orodha ikibaki tupu, ndiyo unachotaka.

Tarakimu sita zinazokuja kwa ujumbe hazitoki nje ya simu yako. Ombi la "nimekosea nimetuma namba zangu kwako, nisomee" huja mara nyingi kutoka kwa rafiki unayemjua, kwa kuwa yeye tayari ameibiwa na wewe ndiye unayefuata kwenye orodha yake.

Hatua ya 5: Steshenari

Hatua hii ni ndefu kuliko zote kwa sababu taarifa nyingi huvuja hapa. Iwe ni katikati ya mji au kwenye mabarabara ya Ngamiani, mambo yetu mengi yanapitia kwenye kompyuta ya mtu mwingine: cheti cha kuzaliwa, TIN, maombi ya ajira, mkopo wa chuo. Huwezi kuacha kwenda. Unachoweza ni kubadili namna unavyokwenda.

*Fotokopi.* Peleka kadi yenyewe ipigwe kopi moja kwa moja kwenye mashine. Usitume picha yake kwenye WhatsApp ya mhudumu. Picha iliyotumwa inabaki kwenye simu yake na kwenye kompyuta aliyoiunganisha, na huenda hata kwenye hifadhi yake ya mtandaoni. Simama mahali unapoiona mashine. Hesabu nakala: umeomba tatu, zimetoka tatu. Iliyotoka vibaya nayo ni yako, ichukue. Karatasi zilizokataliwa huishia kwenye boksi la kuprintia upande wa pili, au kwa wauza karanga.

*Andika juu ya nakala.* Kabla hujaondoka, kwa wino wa bluu, andika kwa mshazari: "Kwa maombi ya mkopo tu", jina la taasisi, na tarehe. Maandishi yaanzie pembeni na yapite juu ya sehemu ya kitambulisho, lakini yasifunike sura wala namba, la sivyo nakala itakataliwa. Wino wa bluu unaonyesha hii ndiyo nakala uliyoitoa wewe. Nakala yenye maneno hayo ni ngumu kuitumia kufungulia jambo jingine, na ikikutwa mahali pasipo pake unajua ilivujia wapi.

*Kama lazima iskaniwe.* Omba faili litumwe kwenye barua pepe yako, kisha lifutwe mbele yako: bonyeza faili, shika Shift pamoja na Delete, likubali. Ukitumia Delete peke yake linakaa kwenye pipa la taka na linarudishwa kwa mbofyo mmoja. Angalia pia folda ya vilivyopakuliwa. Mhudumu mwema haudhiki, na ukimwambia kwa adabu, "samahani ndugu yangu, naomba tulifute hili", kazi inachukua nusu dakika.

*Kama ulishatuma kwa WhatsApp.* Futa kwa wote kabla siku mbili hazijapita, na umwombe afute na kwenye picha zake. Ukiondoka bila kufanya hivyo, hesabu nakala hiyo imetoka.

*Kuingia kwenye barua pepe.* Fungua dirisha la faragha: Ctrl, Shift na N kwa Chrome, au Ctrl, Shift na P kwa Firefox. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, kataa. Ukimaliza, toka kwenye akaunti, ndipo ufunge dirisha.

*Akaunti uliyofunguliwa.* Hili ndilo kosa zito kuliko yote steshenari, na waathirika wakubwa ni vijana wanaotoka kidato cha sita. Mhudumu anakufungulia barua pepe, anachagua nywila yeye, na Google ikidai namba ya simu anaweka ya kwake ili kazi iende. Kuanzia hapo barua yako ya ajira na taarifa za mkopo wako zina mlango wa pili, na ufunguo anao yeye. Anaweza asiutumie kamwe. Lakini akibadili simu, akauza laini au akaibiwa, ufunguo umehama.

Kurekebisha: ingia kwenye akaunti ya Google kwa simu yako mwenyewe, fungua Usalama. Badili nywila. Futa namba ya kurejesha iliyopo, weka yako. Angalia barua pepe ya kurejesha, kama si yako ifute. Angalia vifaa vilivyoingia, uvitoe vyote isipokuwa simu yako. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Kisha nenda kwenye kila mfumo uliofunguliwa kwa barua pepe hiyo, ubadili nywila na maswali ya siri.

*Umefaulu ukiona:* unaomba kurejesha nywila, na ujumbe unaingia kwenye simu iliyo mkononi mwako.

Hatua ya 6: Unaposajili laini mpya

Pendelea duka la mtandao. Kama ni lazima iwe chini ya mwavuli, tuseme pale karibu na soko la Mgandini, zingatia kidole. "Alama haijasoma, weka tena" inaweza kuwa kweli, hasa kwa mikono ya uvuvi, ya shamba, au yenye hina. Inaweza pia kuwa ni laini ya pili na ya tatu zinazosajiliwa kwa jina lako. Kila anapoomba urudie, omba kuona skrini inasema nini. Usiondoke hapo kabla hujapiga *106# na kuhesabu. Imeongezeka moja, sawa. Zimeongezeka mbili, mdai azifute mbele yako, na kama hawezi nenda dukani siku hiyohiyo.

Usisajili laini kwa ajili ya mtu mwingine kwa kulipwa elfu moja au mbili. Kitakachofanywa na laini hiyo kitakuja na jina lako.

Hatua ya 7: Programu za mikopo

Programu nyingi za mkopo wa haraka huomba ruhusa ya majina kwenye simu yako, picha na ujumbe mfupi. Ukichelewa kulipa, ndugu, mwajiri na imamu wanaanza kupokea ujumbe wa kukuaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Angalia leseni ya mkopeshaji kwenye orodha ya Benki Kuu kabla ya kupakua, siyo baada.

Kama tayari unayo, ondoa ruhusa kwanza (Mipangilio, Programu, Ruhusa), kisha ifute. Kuifuta hakufuti majina waliyokwisha kuyachukua. Kwa hilo una haki ya kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Peleka picha za skrini za ujumbe uliotumwa kwa watu wako, zikionyesha namba na tarehe.

Ikiwa tayari umeibiwa

Mpangilio hapa ni wa dakika.

Kwanza, kwa simu ya mtu yeyote wa mtandao wako, piga 100, ufunge laini na akaunti ya pesa. Kisha piga benki. Watu hukimbilia polisi kwanza, na foleni ya kituoni ndiyo inayompa mwizi muda.

Pili, rudisha laini dukani kwa alama ya kidole. Laini mpya ikiwaka, ile iliyo kwa mwizi inakufa. Hapohapo sajili WhatsApp upya kwa tarakimu sita utakazotumiwa. Yeye atatolewa nje hata kama ameweka PIN yake, ingawa wewe unaweza kusubiri siku 7 kabla ya kuingia kikamilifu. Watangazie vikundi vyako kwa kupiga simu au kupitia kiongozi wa kikundi.

Tatu, toa taarifa polisi. Kwa mjini kuna kituo cha Chumbageni. Beba majina na namba zilizopokea pesa, saa, kiasi, na kumbukumbu ya kila muamala. Omba namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni, na uitunze. Kwa kitambulisho au kadi iliyopotea, taarifa ya upotevu hutolewa pia kwenye mfumo wa Polisi wa mtandaoni, lormis.tpf.go.tz.

Nne, sambaza ujumbe wa tapeli kwenda 15040 na ufuate maelekezo yatakayorudi. Usifute ujumbe huo kwenye simu, ni ushahidi.

Simu yenyewe ikiwa imeibwa, IMEI yake, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe yenye tarakimu 15, inahitajika ili ifungiwe. Unaipata kwa *#06#, lakini simu ikiwa imekwenda huna pa kuipigia. Iandike kwenye daftari leo.

Simu ya mzee wa nyumbani

Bibi aliye Pangani au Muheza hatasoma mwongozo huu. Ukienda kumsalimu, fanya Hatua ya 1 na ya 2 kwenye simu yake, na uandike PIN na PUK kwenye daftari lako. Namba ya siri ya pesa aichague mwenyewe kwa vipande vya karatasi, wewe ukiangalia pembeni.

Wazee hawatapeliwi kwa ujinga. Hutapeliwa kwa adabu: aliyepiga amemwamkia vizuri, na kumkatia mtu simu akiongea ni kumvunjia heshima. Mpe sentensi ya kutokea: "Subiri mwanangu, nitaongea kwanza na mjukuu wangu." Akishaisema, akate. Kubalianeni kwamba hakuna atakayetumiwa pesa kwa namba ngeni, hata ikiwa ni wewe unayelia upo Bombo umelazwa. Siku utakapompigia kwa simu ya kuazima na akakukatia, mpango umeshika. Tafuta simu yako umpigie tena.